Kisigino

Gaudensia wa masjala ameyafuta majina yote.
Ameniletea daftari ndani ya bahasha ya kaki,
wagonjwa arobaini wa kliniki ya Newala, kila mmoja nambari tu,
na tarehe zake za kutolewa damu,
na herufi za kirusi alichokutwa nacho siku hiyo:
herufi nne zikijirudia ukurasa hadi ukurasa
kama mtoto anayejifunza kuandika na hataki kwenda kulala.

Kazi yangu ni kutafuta palipokosewa.
Kirusi hakina akili. Hunakili, hukosea, hunakili na kosa.
Makosa mengi hufa papo hapo.
Moja, siku moja, hubadili kipande kidogo cha uso,
na askari wa mwili waliokariri uso ule
wanakipisha mlangoni. Wanakiamkia.

Mlinganyo wake nimeuandika ubaoni, mfupi kuliko hirizi:
kasi ya kutoroka
ni ukali wa askari
ukitoa gharama ya uso mpya.

Gharama, kwa maana uso mpya haupatikani bure.
Hilo sikufundishwa chuo kikuu.
Nililiona Kitangari, nina miaka tisa,
mwezi wa saba, vumbi jekundu magotini,
lipiko limetoka kichakani na kichwa kipya,
nywele za watu zimegandishwa kwa nta,
meno yamechongoka, ndonya mdomoni.
Ngoma zikaita, nasi wanawake tukakimbia
kama inavyotupasa kukimbia.
Mimi nilikimbia nikitazama nyuma.

Kichwa kilikuwa kizito. Kilimla robo ya hatua kila alipogeuka.
Na chini ya njuga nikakiona kisigino cha kushoto,
kimepasuka pande tatu kama panda ya manati,
kisigino nilichokipaka mafuta ya mgando
kila usiku wa baridi, mwenyewe akisinzia.

Kwetu mwanamke hajui lipiko ni nani.
Jioni nikampelekea maji ya kunawa, kata moja, maji ya kununua.
Akauliza kama niliogopa.
Niliogopa sana, mjomba.

Humu kwenye herufi nacho kipo kisigino.
Kuna kipande ambacho kirusi kikithubutu kukibadili
kinachechemea, hakizai, kinaishia njiani.
Hapo ndipo ningetaka askari wafundishwe kutazama:
chini, penye mpasuko.
Waache kushangaa meno.

Mchoro wangu unapita juu ya nukta za wagonjwa wote,
unapita vizuri, kama uzi kwenye shanga,
isipokuwa nambari thelathini na moja.
Mwanamume. Hamsini na nane.
Wengine wakikosa kliniki, hukosa msimu wa korosho,
mwezi wa kumi, wa kumi na moja, ghala limefunguliwa, pesa inanukia.
Yeye huja mwezi wa sita, halafu kimya.
Dawa zake hubaki dirishani.
Mwezi wa tisa anarudi amekonda,
na kirusi chake kimevaa kichwa kingine.
Hivyo mwaka juzi. Hivyo mwaka jana.
Mwaka huu mstari wa mwezi wa tisa ni mtupu.

Nimeutazama ule mstari hadi chai ikapoa.
Nambari nayo ni kichwa cha mti:
wanakuvisha ili usijulikane,
na wewe unaingia uwanjani na miguu yako ileile.

Dokta Namkulala akainama juu ya bega langu.
Huyu mfute, akasema, anatuharibia mchoro.
Nikasema hapana. Naongeza kigezo kimoja tu,
kidogo, hakitabadili chochote kwa wengine.
Nikaandika k.
Mstari ukainama taratibu, ukazifikia nukta zake,
ukapita juu ya mwezi wa tisa bila kugusa kitu.

Akasubiri. Hii k ni nini?

Kiangazi, nikasema.