Theluji ya Makaburini

Mimi hukumbuka miguu. Majina hunitoka.
Miaka thelathini na mmoja nakodisha buti
chini ya ngazi za Hoteli Aquila, hapa Valdorsa,
kijiji cha watu mia mbili na kumi na wanne
(padri huja Jumapili tu, hatumhesabu).
Arobaini na tatu, kidole gumba kimepinda: Duilio wa lifti.
Thelathini na nane, hataki soksi nene: mwalimu Ornella.
Mguu wa mtoto hubadilika kila Novemba,
nami hujua kabla ya mama yake kwamba amekua.

Mwaka ule mawingu yalikuja mikono mitupu.
Januari, mvua. Februari nayo, mvua.
Mlima ukabaki kahawia, mkate uliosahauliwa tanurini,
na viti themanini vya lifti vikaning'inia juu ya nyasi kavu
kama wageni wa arusi iliyovunjika ambao hakuna aliyewaambia.
Duilio aliiwasha kila asubuhi hata hivyo, dakika kumi.
"Waya ukilala sana huota kutu."
Kiti cha kumi na saba kilipiga kelele. Akakipaka grisi.
Hakuna aliyepanda.

Kwenye baa ya Quinto tulihesabu madeni kwa sauti ndogo.
Hoteli ilikuwa imefunga vyumba vya juu kuokoa mafuta.
Vijana wawili walikwisha shuka bondeni, kiwanda cha vigae.
Swali likabaki mezani, katikati ya vikombe:
mashindano ya watoto, Jumapili ya mwisho ya Februari,
tuyafute?

Ndipo Ornella aliposema kuna theluji makaburini.
Kimya. Kila mtu alijua.
Nyuma ya ukuta wa kaskazini jua halifiki tangu Novemba;
theluji ilikuwa imelala pale, kina cha kifua,
juu ya kina Galassi, juu ya kina Tondelli,
juu ya Oreste aliyeanzisha lifti kwa injini ya trekta.
Quinto alisema wafu wana haki ya blanketi lao.
Mtu nyuma yangu akasema, aibu.
Tukamtazama Ersilia, mjane wa Oreste,
thelathini na sita, kifundo cha kushoto kimevimba.
Alimaliza kahawa yake kwanza.
"Angekuwa hai," alisema, "angekwisha kuiba toroli."

Jumamosi, saa kumi alfajiri, ardhi ikiwa bado ngumu:
matoroli tisa, trekta moja, beseni la kufulia la hoteli.
Maji yakimwagika hayazoleki, husema wahenga.
Sisi tuliyazoa,
kwa koleo, kwa sufuria, kwa viganja,
tukayapandisha mlimani yalikostahili kuwa.
Hakuna aliyezungumza karibu na misalaba.
Tulipofika barabarani tulianza kutukanana kama kawaida.

Padri alikuta makaburi yamenyolewa.
Tulingoja mahubiri. Hakuyagusa.
Baada ya misa alikuja dukani kwangu, akavua viatu:
arobaini na tano. Sikuwa na mguu huo kwenye kumbukumbu.

Mstari mmoja mweupe, upana wa kitanda cha wawili,
na pande zote mlima wa matope.
Watoto kumi na mmoja. Nani alishinda, sijui.
Thelathini na mbili alianguka mara tatu,
mara tatu akarudi kileleni kwa miguu, mbao begani, akinuna,
na Duilio akazima lifti asije akaonekana anamhurumia.

Jioni buti zilirudi zimelowa.
Kwenye soli ya thelathini na mbili nilikuta nta nyekundu,
kipande cha mshumaa wa kaburi la mtu.
Nilikikwangua kwa kisu. Kiko kwenye droo,
pamoja na vifungo na funguo zisizo na mlango.

Usiku mvua ikanyesha tena.
Kulipokucha mstari ulikuwa kijito; kilipita mlangoni pangu,
kikakata kona kanisani.

Buti moja tu hazijarudi hadi leo.
Daftari langu lina pande mbili, wageni na wenyeji.
Nimemwandika upande wa wenyeji:
arobaini na tano, anadaiwa.