Hamira

Saa kumi na nusu alfajiri nakanda unga wa mahamri,
kilo nne, iliki ya kutwanga, tui zito la nazi tatu.
Naufunika kwa leso kuukuu; maandishi yake yamefutika,
yamebaki maneno mawili tu: usinione hivi.
Nauambia: una saa moja na robo. Nami nina hiyo hiyo.
Kisha navaa raba.

Raba za mtumba,
ya kushoto thelathini na tisa, ya kulia arobaini,
ya kulia naijaza pamba kidogo kwenye ncha.
Haluwa, mwanangu, asema zimegombana.
Mimi nasema zimeoana:
hazilingani, lakini njia yao moja.

Nataka daraja la Sabaki.
Kwenda na kurudi, bila kutembea hata hatua.

Mwezi wa kwanza niliishia kituo cha mafuta,
nikajishika kiuno, natweta, machozi na jasho havitengani.
Mlinzi akanijia na kurunzi: "Mama, umeibiwa?"
Nikasema ndiyo.
Miaka kumi na minane, na mwizi simjui.

Thoya wa duka la mkabala akauliza,
"Unakimbia nini, Jumwa, na hufukuzwi?"
Pumzi ya kujibu sikuwa nayo.
Jibu lilinijia mchana, mwiko mkononi, mafuta yakichemka:
nafukuzwa na hiki kiti, Thoya,
kiti cha plastiki nyuma ya karai,
nilichokikalia tangu Haluwa yumo tumboni,
kimeshika umbo langu kama ukungu wa tofali.

Mwezi wa tatu nikaupita ukuta wa shule.
Wa nne nikaanza kuisikia harufu ya mto.
Halafu masika yakashuka, na homa nyuma yake,
nikalala siku ishirini na tatu nikihesabu mabati.
Niliporudi barabarani magoti yalinikana.
Kituo cha mafuta tena. Kurunzi ile ile.
"Mama, umeibiwa tena?"

Waniambia, haraka haraka haina baraka.
Aliyeitunga methali hiyo hakuwa na unga unaomngoja nyumbani.

Kuna asubuhi moja nilikaa kizingitini, raba moja mguuni.
Hamu haikuja.
Hamu ni mgeni wa ghafla: akija, mkaribishe;
asipokuja, pakua ule, wali usikupoe.
Najua haya yote, na bado nilikaa.
Nikafunua leso nitazame unga:
umelala tu, mzito, kama mimi.
Nikautazama kwa kitambo. Haukutikisika.
Miaka yote hii sijawahi kuuona ukipanda.
Nautilia kijiko cha hamira, naupa mgongo,
nikirudi umejaa mpaka ukingoni mwa sufuria,
na saa yenyewe iliyouinua siijui.

Nikafunga raba ya pili.

Jana nimefika.
Nimekigusa chuma cha daraja, baridi, kina umande,
na chini mto unapita, rangi ya chai ya maziwa.
Hapakuwa na mtu wa kumwambia,
ila dereva wa lori la chumvi aliyepiga honi,
nami nikapunga mkono kama niliyeshinda kitu.

Kurudi, pale kwenye mwinuko, pafu likanichoma.
Nikatembea.
Nilijitukana kwa Kigiriama, nikatembea,
nikazihesabu hatua: mia moja na kumi.
Kisha nikakimbia tena hadi mlangoni.

Unga ulikuwa umefurika, umeisukuma leso,
umeshuka ubavuni mwa sufuria hadi sakafuni.
Haluwa ameshika kichwa.
Nikaukusanya, nikaukata, nikakaanga hivyo hivyo.
Mahamri yakatoka makubwa, mepesi, machachu kidogo,
na kabla ya saa mbili sinia tupu.
Thoya alinunua sita, hakuuliza neno.

Leo miguu ni kuni.
Lakini nimeshatwanga iliki,
na kuna hatua mia moja na kumi
kule mwinukoni, zinanidai.