Mlalo wa Mahameli

Tunaanza alfajiri, mimi na Odeny,
kabla jua la Kisumu halijapanda juu ya mabati,
kwa sababu dawa hii ya kichupa, yenye ukungu kama maji ya mchele,
ikifika nyuzi thelathini na tano
husahau kila kitu.

Fuwele oevu. Odeny hulicheka jina:
kama ni fuwele, mbona yamwagika?
Namwambia, umewaona omena ziwani?
Hakuna aliyefungwa kamba,
na wote wameelekea upande mmoja.

Kwanza kioo. Nakisugua kwa mahameli ya zambarau,
kipande alichobakiza mama, Truphosa, fundi wa Kibuye,
aliyeshonea majoho kwaya za nusu ya Nyalenda.
Mara ishirini, upande mmoja, bila kurudi.
Jicho halioni alama.
Molekuli zinaiona. Zinalala zikiufuata mkono wangu
kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.

Chini ya hadubini, rangi:
manjano ya ndizi iliyoiva jana,
kisha waridi, kisha kijani nisichokijulia jina.

Halafu sumaku. Odeny anaisogeza kwa skrubu, uzi baada ya uzi.
Hakuna kitu. Anasogeza. Hakuna.
"Imekufa hii."
Ngoja.
Kipo kizingiti. Chini yake, mlalo haubanduki;
ukikivuka kwa unywele tu, za katikati zinainuka,
zile zinazogusa kioo zikibaki chini, zimeng'ang'ania mahameli.
Rangi zinanywea.
Giza.

Hazikwenda popote. Zimesimama wima, zimetuelekezea ncha,
na sindano ukiitazama kwa ncha
huioni.

Saa saba mchana mabati yanaalika, ka, ka.
Giza tena. Odeny anaandika daftarini: sumaku.
Nafuta. Sumaku iko kwenye droo.
Hili ni giza jingine, la joto,
kila molekuli imegeukia kwake, hakuna anayemkumbuka jirani.

"Sasa utajuaje? Yote si meusi?"

Sukuma, namwambia. Bomba la sindano, tone moja, taratibu.
Iliyosimama, mkondo ukiipitia, huvutwa ilale,
sumaku nayo huivuta isimame,
haimtii huyu wala yule,
hujipatia mwinamo wake,
na mwinamo ule humeremeta.
Iliyosahau hupita tu. Nyeusi huja, nyeusi huenda.

Tulirudia mara sita. Mara ya nne nilimwaga.

Jioni, Nyalenda. Mama yuko kitini pake karibu na dirisha.
Miezi minane hajaniita jina.
Chai humpoea mkononi, huichukua, huirudisha jikoni.
Daktari aliandika neno moja kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu,
neno refu, na sina elimu ya kubishana nalo.
Ila aliandika akiwa amesimama mlangoni.

Sijui kwa nini niliondoka na kitambaa mfukoni.
Namwekea pajani, kama mtu anayesahau kitu kwa makusudi.
Kidole gumba kinakwenda.
Kinarudi.
Kinasita.

"Nani huyu," asema, bila kuniangalia,
"anayesugua mahameli kinyume cha manyoya?"