Ubeti wa Mikono Minne

Wiki tatu za kwanza kila mmoja aliniletea shairi lake
kama mtu anayepitisha sahani dirishani kisha akavuta pazia.
Nikasahihisha peke yangu, Al-Khoudh, usiku,
wino mwekundu tele pembeni,
na mwanafunzi wa Ibra hakujua
kwamba mwenzake wa Sur kakosea kosa lilelile.

Wiki ya nne nikawafungulia ukurasa mmoja.
Nikawaambia: ubeti mmoja, mikono minne.
Kila mtu na kishale chake, na rangi yake,
na kila herufi mtaiona ikizaliwa.

Dakika kumi na moja, kimya.
Vishale vinne vikapepesa juu ya weupe
kama wageni kwenye karamu,
hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunawa.

Akaanza Muzna, nesi, katoka zamu:
"Kiyoyozi chadondoka, maji yake ukutani."
Thuwaini wa kiwanda cha gesi hakusema hata hujambo:
"Nayo lami yayeyuka, nani atoke jamani?"
Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Kumi na sita. Kumi na sita.

Kisha kile cha zambarau, cha Bi Ghalia.
Ana miaka sitini na minane, huchapa kwa kidole kimoja,
na sote tukamngoja, herufi kwa herufi,
kama mnavyomngoja mtu anayeshuka ngazi:
"Bibi yangu angecheka, bulangeti kiangazini."

Tisa, akaandika Thuwaini.
Akakata. "Blanketi." Sasa ni nane.

Zambarau ikazimika.
Sijui kama umewahi kumsikia mtu
akitoka kwenye chumba kisicho na mlango.

Baadaye nikafungua historia ya ukurasa,
pale mashine inapotunza hata tulichofuta.
Saa tano na dakika nne, Thuwaini: "samahani bibi." Kafuta.
Saa tano na sita: "sikukusudia." Kafuta.
Saa tano na tisa bulangeti limerudi,
limetoka, limerudi, mara saba,
kila mara na jirani mwingine.
"Kitandani" lilitosha mizani, nane kamili,
lakini bulangeti kitandani,
bibi wa watu angecheka nini?
Akalitoa na hilo.

Nikampelekea Bi Ghalia yote, bila neno langu.
Labda sikufanya vyema
kumwonyesha mtu aliyoyafuta mwenzake.
Alfajiri nikakuta zambarau pembeni:
"Mama alinifunika bulangeti, Mwanakwerekwe.
Hilo blanketi sijui la nani.
Mwambie kijana nimemsoma."

Saa nne Muzna, wodini, kwenye simu,
chai mkono mmoja:
"bulangeti Julaini."

Thuwaini akahesabu mara mbili, namjua.
"Nane. Lakini Julaini si neno."
"Tangu leo ni neno," akajibu Bi Ghalia,
na kwa mara ya kwanza nikaona vishale vitatu
vimebanana kwenye mshororo mmoja,
vikisogezana, vikipishana,
koma ikiwekwa na huyu, ikiondolewa na yule.

Wa nne ni Mundhir. Kijani.
Miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Maskati.
Mezani shangazi zake wakisema Kiswahili yeye husikia vyote,
hucheka panapochekesha,
hujibu kwa Kiarabu.
Siku mbili alikuwa akiingia, anasoma, anatoka.
Jana usiku akaandika:

"Ulimi ukikauka,"

basi. Nusu ya pili tupu.

Wenzake wakaja mmoja mmoja.
Muzna akasimama mwisho wa mstari.
Zambarau ikaandika "tu", ikafuta.
"Mwacheni," akaandika Thuwaini.
Thuwaini!

Nami ninayo nusu hiyo, ninayo tangu jana,
mizani nane, kina cha ni, tayari mdomoni.
Nimeikalia mikono yangu.
Kijani kinapepesa.