Seji, Tabata

Mbegu kumi na mbili,
nyeusi, ndogo kuliko za papai,
nilizifukia kwenye kopo la rangi
nililolitoboa kwa msumari wa moto.

Siku ya kumi na tisa ikachomoza miche miwili.
Nyingine zilioza: fukuto la Februari
na mkono wangu usiojua kunyima maji.

Mmoja ukaenda na kuku wa Bi Sikudhani.

Uliobaki una majani ya kijivu,
yenye vinyweleo kama sikio la mwanambuzi.
Nayasugua, nanusa vidole hadi usiku.

"Unatibu nini?" aliuliza Sikudhani, kidevu juu ya ukuta.

Viazi, nikamwambia.

Jioni akabisha hodi na sahani:
viazi vitatu, vimemenywa tayari.

Nikahesabu majani. Sita.
Nikachuma mawili.