Mkasi Uliolala

Kaka yangu Shija, fundi cherehani wa Makoroboi,
miguu yake imeanza kukataa pedali.
Ulianza wa kushoto, ukiburura kandambili,
kisha magoti yakasuguana, nyayo zikipishana
kama makali ya mkasi.
Mama anasema ni kijicho cha majirani.
Lakini baba naye, miaka yake ya mwisho,
alitembea hivyohivyo.

Leo nimemshushia habari kutoka maabara, kilimani Bugando.

Ndani ya uzi wa neva, Shija,
ule mrefu unaoshuka toka ubongoni kupitia uti wa mgongo,
mna mabomba membamba yasiyoonekana,
tofali juu ya tofali,
na mizigo hupita juu yake usiku na mchana.
Humo mna kimeng'enya kinachoyakata.
Vipande sita hushikana duara, katikati tundu;
hulikamata tofali moja mkia,
hulivuta, hulivuta,
mpaka lichomoke
na bomba likatike.

"Basi hicho ndicho adui," akasema, chaki sikioni.
Hapana. Cha kwako kimelala.

Akacheka kwa pua.
Nikamkumbusha gugumaji pale gati la Kamanga:
vijana walilikatakata kwa mapanga,
wakaondoka wakijisifu,
na kila kipande kilichobaki majini kikatoa mizizi.
Mabomba nayo ni hivyo. Yakikatwa kwa kiasi,
kila kipande hudaka matofali mapya, kikarefuka,
yakawa mengi kuliko jana.
Yasipokatwa huzeeka yamesimama,
na mguu hukakamaa nayo.

"Dawa?"

Bado.
Sikujua pa kuyaweka macho, nikayaweka kwenye vifungo,
kopo zima la vifungo visivyofanana.

Shija akavuta kitenge cha Bi Nyanjige,
akakilaza, akapiga chaki,
akachukua mkasi wa mpini mweusi, urithi wa baba
(urithi mwingine, sote wawili tulifikiri, hakuna aliyesema).
"Miaka kumi na tisa," akasema,
"watu wananiletea vitambaa vizima,
na mimi naanza kwa kuviharibu."

Kra. Kra.

Kisha akakaa kwenye mashine.
Chini ya meza mguu wa kulia
unagonga pedali, unasita,
unagonga.