Herufi Iliyong'oka

Kina kurasa thelathini na mbili
na pini mbili zilizoshika kutu.
Jalada la manjano; duara la sufuria
limelala juu ya jina: JIKO LA MAMA WA RELI,
Ushirika wa Moravian, Makambako, 1979.
Bei shilingi tatu. Za bati la kanisa.

Sukari haikupatikana mwaka ule,
na unga wa ngano ulikuwa wa kujuana.
Ndiyo maana keki ya Mama Mwaisumo inaanza hivi:
"Kama umepata sukari, usimwambie mtu.
Kama hukupata, ponda ndizi mbivu tatu,
omba, endelea."

Reli ndiyo iliyowaleta, wao na waume zao,
mshika bendera, fundi wa injini, karani wa mizigo,
kutoka Tukuyu, Kiwira, Mwakaleli,
kwenye migomba inayonyeshewa karibu mwaka mzima,
ikawashusha hapa penye upepo
unaokata masikio kama wembe wa kinyozi mgeni,
hapa ambapo mgomba ukipandwa Machi,
Julai umeungua kwa baridi, umesimama mweusi
kama mwavuli uliovunjika.

Jumanne walikwenda stesheni kupokea mikungu.
Kuna wiki treni ilichelewa hadi Ijumaa
na mikungu ikashuka imeiva, inanuka pombe,
na hiyo nayo ina ukurasa wake, wa kumi na moja:
Kinywaji cha Ndizi Zilizochelewa.
Hakuna jina la aliyeutoa.

Taipu ya ofisi ya mizigo ilikuwa imeng'oka herufi g.
Tupokigwe, katibu, alipiga hivyo hivyo, akaacha nafasi:
ma imbi, un a, mbo a, kaan a, chan anya.
Dibaji ilimshukuru Mun u.
Nakala arobaini zikatoka na mapengo
kama watoto wa darasa la kwanza.

Wakamwita mama yangu.

Mama hakuwa wa kwao. Mbena wa Mtwango,
Mlutheri, alimfuata mume wake, mshika bendera,
na "ndaga" alijifunza kuisema ukubwani,
akaisema kama mtu anayepiga chafya.
Hawakumwomba pishi. Wangemwomba nini,
viazi?
Walimwomba mwandiko.

Usiku tatu, kalamu ya bluu, taa ya chemli,
alijaza g moja moja, nakala kwa nakala,
nami tumboni mwake nikimpiga kiwiko.
Baadhi zimepinda. Hizo najidai ni zangu.
G zake zina mkia mrefu unaorudi kushoto
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Hata Mungu alikaa na pengo
hadi mama alipomfikia.

Nimelitafuta jina lake. Halimo.
Mama Mwambene yumo mara nne,
Mama Mwakalinga ana supu tatu zinazofanana.
Ila ukurasa wa kumi na saba, kwenye Mbalaga,
baada ya "menya ndizi, osha, panga chunguni,
maharage katikati, funika, usichungulie,"
kuna mstari umebanwa chini kabisa:

"Kama treni haijafika, jirani mmoja
anasema viazi pia vinakubali."

Jirani mmoja.
Mstari mzima hauna g hata moja.
Kalamu yake haikuwa na kazi pale.
Aliupita, akaenda kwenye uliofuata.

Siku hizi ndizi zinaingia Makambako kwa fuso
kila alfajiri, zinarundikwa mpaka zinaoza.
Kwetu Jumapili mbalaga ni ya viazi.
Mke wangu, mtu wa Kyela, aliiona mara ya kwanza
akaweka kijiko chini, akauliza hiki ni kitu gani.
Nikamfungulia ukurasa.
Akasoma mara mbili, akaunusa,
mafuta ya taa, kitunguu cha zamani,
kisha akasema, "Huyu jirani aliweka chumvi kiasi gani?"

Haikuandikwa.
Tunabahatisha.